Mwandu Haendi Popote

Ipo nchi moja ambayo haijawahi kukosea. Tangu ijipatie uhuru wake haikukosea hata siku moja, na siku ilipokosea ilikanusha, mambo yakaendelea. Jina lake tuliache kama lilivyo, kwa kuwa wenyewe wamelibadilisha mara kadhaa, na kila mara wamekanusha kwamba lilibadilishwa.

Katika nchi hiyo kila Jumatano asubuhi kazi husimama. Wauza nyama huweka visu chini, walimu hufunga vitabu, na wagonjwa wodini huombwa wapunguze kukohoa, ili watu wote wasikilize redio ya taifa ikitoa Kanusho la Wiki. Serikali nyingine hupata taabu kubwa kuwaarifu raia wao. Hii haikupata taabu. Ilipokanusha kwamba sukari itaadimika, kina mama walikuwa madukani kabla wimbo wa taifa haujakwisha. Ilipokanusha kwamba daraja la mtoni litafungwa, kila mtu alihakikisha amelala upande ule aliotaka kuamkia. Waziri wa Maji alipokuwa hoi kitandani, redio ikakanusha kwamba anaumwa, na jioni ileile ndugu zake wakaanza kutafuta turubai na sufuria kubwa, wala hakuna aliyewaona wana haraka. Wageni walioliita jambo hilo uongo waliwashangaza sana wenyeji. Mtu hudanganywa pale asipojua, na hapa kila mtu alijua.

Mwandu Lusangija alikuwa mtoto wa nchi hiyo, na alijua kuisikiliza redio kama mtu yeyote. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango isipokuwa ule wa kanisa kuu, na aliichezea Minara, timu ya Wizara ya Michezo, Mapambo na Kukanusha. Vikombe vyote vilivyopangwa kwenye kabati la Wizara vililetwa na mikono yake. Picha yake ilikuwa kwenye mabango ya saruji, ya sabuni, na ya kampeni ya kuzuia kipindupindu, ambako alionekana akinawa mikono huku mpira umemkaa kichwani.

Kwa kuwa timu ilikuwa ya serikali, Mwandu naye alikuwa mali ya serikali, na mali ya serikali hupigwa namba. Kila mwaka alipita karani wa ukaguzi na kopo lake la rangi nyeupe. Viti vilipigwa namba mgongoni, meza zikapigwa chini ya droo, na Mwandu akapigwa kwenye soli ya kiatu cha kushoto: WMMK 412. Wachezaji wengine walilinung'unikia jambo hilo. Mwandu lilimpa raha. Aliona kwamba kitu chenye namba hakipotei, na kikipotea lazima kitafutwe.

*

Sasa mkataba wake ulikuwa unakwisha pamoja na msimu, na ng'ambo ya mto walikuwepo Radi.

Radi ilikuwa timu ya nchi jirani, timu yenye nguvu, na ilikuwa imemtuma mjumbe wake, bwana mmoja mpole mwenye tai ya bluu. Mjumbe alimwambia Mwandu kwamba mkataba ukiisha yeye ni mtu huru, na akiwakubali, atachagua mwenyewe masharti yote. Walishamjengea nyumba yenye milango mirefu. Mkewe, Minza, ambaye ni mwalimu, angepewa darasa. Mjumbe hakuomba jibu siku hiyo. Alisema tu kwamba huko kwao mtu akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema hapana hawamrudii tena.

Mwandu alimsikiliza kwa adabu, lakini moyo wake haukuwa huko. Alitaka kumalizia mpira wake Minara, fulana yake itundikwe darini kwenye ule ukumbi alikojifunza kurusha, na azeeke mtaani kwake, kwa watu wanaojua anapenda chai yake iweje. Na sababu ya yote hayo ilikuwa mtu mmoja, Mzee Hiza Shebughe.

Huyu ndiye aliyemkuta Mwandu akiwa kijana wa kupakua magunia stesheni, akigonga kichwa kila behewa analoingia, akamchukua akamfundisha mpira. Alimpa viatu vyake mwenyewe, na vilipombana alivikata mbele kwa kisu ili vidole vitoke. Baada ya kila mazoezi Kocha Shebughe alikaa ubaoni akawamenyea vijana machungwa, ganda likitoka utepe mmoja bila kukatika, na la kwanza daima lilikuwa la Mwandu. Wakati Mwandu alipotaka kuoa hakuwa na baba, hivyo Shebughe ndiye aliyekwenda kuwa mshenga wake. Baadaye nchi iliona kwamba mtu anayejua kumenya chungwa bila kukata ganda anafaa kuwa waziri, ikampa Wizara.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa na neno la mwisho juu ya mkataba wa Mwandu alikuwa yule aliyemlea. Mwandu aliona ana bahati.

*

Alianza kuufuatilia mkataba wizarani. Mlango wa kwanza walimwambia unashughulikiwa, wa pili walimwambia umekwisha kushughulikiwa, na wa tatu walimuuliza mkataba gani. Wizara yenyewe ilikuwa jengo la ghorofa sifuri, refu kwa upande, kwa hiyo mtu aliweza kuzungushwa humo siku nzima bila kupanda hata ngazi moja.

Ili kuonyesha kwamba jambo linatiliwa uzito, iliundwa Kamati ya Taifa ya Kumbakiza Mwandu. Walikuwemo jaji mstaafu, mtaalamu wa kuku wa mayai, kiongozi wa kwaya, na kwa ajili ya haki, mwakilishi wa watu wafupi. Kikao cha kwanza kilijadili kama chai ya kikao iwe na chapati au maandazi, na kikaahirishwa kutokana na mpasuko. Kikao cha pili kilijadili kama mkataba wa mtu mrefu unastahili kuandikwa kwenye karatasi ndefu. Kisha Kamati ikasafiri visiwani kujifunza wenzao wanawabakizaje wachezaji wa kikapu. Huko visiwani mchezo huo haupo, na Kamati ikaandika kwa furaha kwamba visiwa havijawahi kupoteza mchezaji hata mmoja.

Mwandu alipomlalamikia Mzee kwa simu, Mzee alicheka kile kicheko chake cha kifuani, akamwambia awe na subira. Alimwambia Jumatano asikose redio.

Jumatano ilifika. Mwandu alikuwa nyumbani anakunywa uji, Minza anasahihisha madaftari, na sauti iliyotoka redioni haikuwa ya msomaji wa kila wiki. Ilikuwa ya Waziri mwenyewe.

"Ndugu wananchi. Yako maneno yanapitapita, tena yanapita bila kibali. Yanadai kwamba kijana wetu, nguzo yetu, paa letu, Mwandu Lusangija, atahamia ng'ambo. Napenda kukanusha kwa nguvu zote nilizokabidhiwa, na nyingine nilizoazima wizara jirani. Mwandu haendi popote. Narudia, haendi popote. Ametoka humu na atabaki humu, na mimi niliyemlea ni shahidi."

Mwandu alipiga paja kwa furaha. Machozi yalimlenga. Minza alifunika kalamu yake, akasimama juu ya kiti, akateremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati na kuanza kulifuta vumbi.

Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Mama Nyambeho, jirani wa ukuta mmoja, alileta sufuria ya pilau, kwani msafiri haondoki na njaa. Kinyozi alikuja kumnyoa bure huku anajifuta macho kwa taulo ileile ya kunyolea. Muuza mkaa aliulizia kitanda, kile kirefu kilichotengenezwa kwa vipimo maalumu, akasema kwa upole kwamba huko aendako hakitapita mlangoni, basi wamwachie yeye, wanawe watalala wanne kwa upana. Fundi cherehani wa pembeni alikwisha kutundika dukani kwake fulana za bluu za Radi.

Mwandu aliwacheka wote. Aliwaambia wamesikia vibaya, maana aliyezungumza leo si redio, ni Mzee. Walimwangalia kwa huruma, wakampakulia pilau zaidi.

Watu walipoondoka Minza alikaa mbele yake.

"Aliyesema ni nani, Mwandu?"

"Mzee Shebughe. Kwa sauti yake mwenyewe."

"Na redio ni ya nani?"

"Minza, yule ni mshenga wetu."

"Ndiyo, mume wangu. Namkumbuka tangu huo ushenga. Alimwambia baba kwamba wewe ni mtu wa nyumbani, si mtu wa kusafirisafiri. Mwaka wa kwanza wa ndoa niliishi na kabati."

Mwandu alirudia sahani yake ya pilau. Alikuwa ameipokea redio ile maisha yake yote kwa maana yake ya kawaida. Redio ilipokanusha upungufu wa mafuta ya taa alikuwa wa kwanza kubeba dumu. Lakini mtu huwa mwepesi wa kuelewa habari za wenzake, na zake yeye akaona zina utaratibu wa pekee. Mzee alikuwa amelitaja jina lake kwa upendo, na Mwandu hakuona kwa nini upendo nao uingizwe kwenye mambo ya sukari na madaraja.

*

Hata hivyo maneno ya Minza yalimkaa kooni. Jumapili baada ya ibada alikwenda nyumbani kwa Mzee.

Shebughe alimpokea kama zamani. Aliwafukuza wasaidizi wake barazani, akavua koti la uwaziri, akaagiza sahani ya machungwa na kisu. Alianza kumenya bila kuangalia, ganda likishuka taratibu kufikia magotini. Mwandu alipouona ule utepe haukukatika, nusu ya wasiwasi wake ilikwisha hapo hapo.

"Mzee, redioni nimekusikia," alisema. "Nimekuja nikusikie wewe."

Shebughe akampa chungwa. "Umefanya vizuri kuja. Redio ni ya watu, Mwandu. Watu nawakanushia, ndiyo kazi niliyopewa. Wewe ni mtoto wangu. Mtoto simkanushii, mtoto namwambia. Hapa utacheza mpaka uchoke, na fulana yako nitaitundika mimi."

Mwandu aliliweka chungwa sahanini. Aliinamisha kichwa, akasema ahsante baba. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

Mzee akasema liko jambo dogo la kumsaidia. Wakubwa walikuwa wanamuuliza mbona kijana hajawakataa Radi hadharani. Walidhani anaweka mguu mmoja huku na mmoja kule. Basi Jumamosi, kwenye kilele cha sherehe za mavuno, apande jukwaani awakatae mbele ya taifa zima, tena bila kubakiza, na wiki ile ile mkataba wake utakuwa tayari. Mwandu alimjibu kwamba hilo si jambo dogo, si jambo kabisa, angelifanya hata sasa hivi hapo barazani.

Jumamosi alipanda jukwaani. Alitangaza kwamba yeye ni wa Minara, amekuwa wa Minara na atakufa wa Minara, na kwamba Radi wasimtafute tena. Kamati ya Taifa ya Kumbakiza ilimkabidhi fulana ya bluu, akaiweka chini na kuikanyaga kwa kiatu cha kushoto, kile chenye namba. Mjumbe wa Radi alikuwa amekaa mstari wa mbele na tai yake. Aliinuka, akainama kidogo kama mtu anayeaga msiba, akaenda zake. Watu walipiga makofi taratibu, na kina mama kadhaa walikuwa wanalia. Mwandu alidhani wanalia kwa furaha.

Sheria ya nchi ile, ambayo ni sheria nzuri sana, inasema kwamba tamko la hadharani ni sawa na sahihi. Mtu akishasema mbele ya taifa kwamba yeye ni wa fulani, huyo fulani hana haja ya kumsumbua tena kwa makaratasi. Kwa hiyo Wizara haikumsumbua Mwandu. Ilimwandikisha upya Jumatatu asubuhi, ikiwa na furaha kwamba mwenyewe ameshasema. Hakuwa tena mtu huru anayechagua masharti. Alikuwa mali, na mali huweza kubadilishwa kwa mali.

*

Wiki iliyofuata aliambiwa kuna mechi ya kirafiki ng'ambo, akatumiwa basi la timu. Alipopanda hakuwakuta wenzake. Alimkuta dereva, na nyuma ya dereva karani wa ukaguzi, amekumbatia kopo lake la rangi.

Mwandu alimsalimu, akamuuliza wenzake wako wapi. Karani akasema wenzake wapo. Akamuuliza wapo wapi. Karani akasema wapo, akaangalia nje.

Katikati ya daraja la mtoni basi likasimama. Kutoka upande wa pili lilikuwa linakuja lori kubwa lililobeba kitu kirefu kilichofunikwa turubai, nalo likasimama pua kwa pua na basi. Karani alikohoa, akamwomba Mwandu kwa heshima avue kiatu cha kushoto. Alikiweka mapajani, akatoa kisu butu, akaanza kuikwangua ile namba.

"Samahani, kaka," alisema bila kuinua macho. "Namba haivuki. Namba ni ya nchi."

Alipomaliza alimrudishia kiatu, akashuka, akapanda lorini na kuinua ukingo wa turubai. Chini yake palikuwa na ngazi ya umeme, ile inayopanda yenyewe, imetumika kidogo. Ilikuwa zawadi ya Radi kwa Wizara, na Mwandu ndiye aliyekuwa zawadi ya Wizara kwa Radi, maana Radi hawakumrudia yeye, Wizara ndiyo iliyowafuata. Karani alifungua kopo, akachovya brashi, akaandika kwa mkono wake mzuri wa serikali: WMMK 412.

Mwandu alisimama darajani na kiatu mkononi. Aliuliza nani ameidhinisha. Karani alisema yeye ni mtu wa rangi tu. Kisha akakumbuka kitu, akarudi ndani ya basi, akamletea mfuko mdogo wa karatasi. Alisema Mzee amempa ampe, kwa ajili ya njiani.

Ndani lilikuwemo chungwa limekwisha kumenywa.

Mwandu aliumia mahali ambapo hakujua kama mtu anapo. Jambo la kuuzwa angeweza kulieleza, nchi huuza vitu. Kukanyagishwa fulana ya wale wanaompokea, hilo nalo labda angelielewa akitulia. Lakini Mzee alikuwa amekaa mahali, ameshika kisu, amemenya lile chungwa kwa uangalifu huku anajua linakwenda kuliwa wapi. Mwandu alivuka daraja kwa miguu, chungwa mkononi. Hakulila wala hakulitupa.

Radi walimpokea bila maneno. Nyumba yenye milango mirefu walikuwa wameshampa mtu mwingine, kwa sababu yeye alikuwa amesema hapana, na kwao hapana ni hapana. Walimpa nyumba ya kawaida, akarudi kuinama. Minza alimfuata baadaye kidogo na sanduku lake. Kitanda alikuwa amemwachia muuza mkaa.

*

Jumatano ya wiki aliyovuka mto, redio ya taifa ilifanya jambo lisilo la kawaida. Kwanza ilikanusha kwamba mchezaji yeyote amebadilishwa kwa kifaa chochote chenye ngazi, na hilo watu walilielewa vizuri. Lakini baada ya hapo Waziri Shebughe, kwa sauti iliyokuwa inakwama, alisema moja kwa moja, bila kukanusha, kwamba Mwandu Lusangija amelisaliti taifa. Amekimbia. Amemwacha mtu aliyemtoa kwenye magunia.

Watu walitazamana. Kanusho walijua kulitumia, lakini habari ya moja kwa moja walikuwa hawajaisikia siku nyingi, hawakujua ishikwe wapi. Wengi wakaichukua kama ilivyo. Kinyozi aliondoa picha ya Mwandu ukutani. Muuza mkaa aliendelea kuwalaza wanawe kwenye kile kitanda, lakini kwa hasira. Mama Nyambeho peke yake alisema anaijua miguu ya mtu anayekimbia, na ya Mwandu haikuwa hiyo.

Habari hizi zilivuka mto na kumfikia Mwandu. Alikuwa ameweza kulibeba la Mzee. Hili la mtaa lilimlaza kitandani siku nzima, uso ukutani.

*

Msimu mpya ratiba iliwapeleka Radi kucheza na Minara, nyumbani kwa Minara, tena siku ya Jumatano. Wizara iligawa filimbi kwa kila mtu mwenye mdomo, ili msaliti apokelewe inavyostahili. Asubuhi, kwa utaratibu wa ujirani mwema, timu ngeni ilipelekwa wizarani kumsalimu Waziri.

Ngazi ya umeme ilikuwa imefungwa pale mapokezi. Kwa kuwa jengo lilikuwa la ghorofa sifuri, ngazi ilipanda vizuri kabisa mpaka kwenye dari, ikaishia hapo. Maofisa walipanda nayo kwa heshima, wakifika juu waliinama, wakageuka na kuteremka kinyumenyume. Bango lilieleza kwamba ghorofa ya kwanza iko mbioni. Chini, kwenye ubavu wa ngazi, namba ilikuwa inang'aa, na Mwandu alipoiona alijikuta anaangalia soli ya kiatu chake.

Shebughe alikuwa juu, amekunja shingo chini ya dari. Alimwona, akanyoosha mikono, akaanza kuteremka kinyumenyume na kila hatua ngazi ikawa inamrudisha juu. Ilibidi izimwe. Alipofika chini alimkumbatia Mwandu kiunoni, mahali alipofikia, akamnong'oneza, "Mwanangu, nilikupigania sana." Mwandu alisikia harufu ya machungwa kwenye mikono yake, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alitamani iwe kweli.

Saa ya Kanusho ilikuwa imefika na mtambo wa redio ulikuwa pale pale, taifa zima limekaa kimya linasubiri. Shebughe aliona hapo ndipo mahali pa kulimaliza jambo hili vizuri. Alitangaza kwamba kijana aliyepotea amerudi nyumbani kama mgeni, na kwamba yeye, kwa moyo wa baba, amemruhusu aseme neno kwa wananchi. Alitazamia kuombwa radhi.

Mwandu aliinama mpaka kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema. "Nakanusha kwamba Mzee Hiza Shebughe alinisaliti. Nakanusha kwamba alinipa neno lake nyumbani kwake. Nakanusha kwamba nilimwita baba."

Kisha akaongeza kwamba anakanusha pia habari za chungwa. Akainuka.

Wale wa Radi walidhani amemsafisha Waziri, wakamwona muungwana kupita kiasi. Lakini uso wa Shebughe ulikuwa umekauka, kwa sababu yeye ni wa nchi ile, na alijua kwamba wakati huo huo, kwenye mabucha, madarasa na wodi, kila mtu alikuwa amelielewa neno moja moja.

Mchana ukumbi ulijaa, na hakuna filimbi hata moja iliyolia. Kila Mwandu alipotia mpira kikapuni watu walisimama, wakakaa, bila makofi, kama wafanyavyo kanisani. Minara walifungwa. Nje, mlangoni, muuza mkaa alimsubiri ili amwambie kwamba kitanda kipo, hakijaharibika. Wiki iliyofuata redio ilikanusha kwa nguvu zote kwamba Waziri Hiza Shebughe ataondolewa madarakani, na kabla ya mchana majirani zake walikuwa wanaingia na pilau.

Habari hiyo ya pilau ilimfikia Mwandu akiwa nyumbani kwake ng'ambo. Majirani wapya walikuwa wamekuja kumpongeza kwa ushindi, watu wema, wa nchi ambayo neno ni neno. Mmoja wao, mama mtu mzima, alimuuliza kama yale mambo ya Mzee wake bado yanamuuma.

"Hapana, mama," Mwandu alisema. "Hayaniumi kabisa."

Walimwamini. Waliona amekwisha kupoa, wakahamia kwenye habari za mvua, na baada ya chai wakaaga. Minza aliwasindikiza hadi nje. Aliporudi alifunga mlango kwa komeo, akaweka sinia chini, akaja kukaa karibu naye kwenye mkeka. Alimshika kichwa akakilaza mapajani kwake, akasubiri aanze kulia.